Mikono ya Friji

Saa mbili asubuhi muuguzi waliyemwita Friji alitia sahihi kitabu cha zamu, akakunja mikono ya sare na kuweka viganja kifuani pa mjomba wa mganga mkuu. Moyo wa mzee ulisimama alfajiri, ukaamshwa. Sasa mwili wake ulitakiwa ushushwe hadi nyuzi thelathini na tatu, ukae hapo siku nzima, kisha upashwe taratibu, ubongo usije ukaharibika. Mashine ya kupoozea ilikufa miaka mitatu nyuma, na wiki hiyohiyo mikono ya Friji ikaanza kutoa baridi. Hospitali ilimshukuru Mungu, ikafuta ombi la mashine mpya, ikamwingiza Friji kwenye orodha ya vifaa.

Saa nne wakamleta mume wa Friji, fundi wa kupaka rangi. Moyo wake ulisimama akiwa juu ya ngazi; nao ukaamshwa. Akalazwa hatua nne kutoka kwa mjomba.

"Matroni, naomba nimguse. Mkono mmoja tu."

"Kifaa kimoja, mgonjwa mmoja. Si uliandika mwenyewe?"

Kweli aliandika, mwaka jana, walipomgawa kati ya vitanda viwili akazimia. Karatasi ilikuwa bado ukutani.

"Ni mume wangu."

"Najua, ni shemeji yetu. Pole sana. Usiinue mkono, mzee ndiyo kwanza anashuka."

Mchana kipimajoto cha mumewe kilisoma thelathini na tisa, jioni arobaini. Mama mkwe akamwongezea blanketi.

"Mama, mfunue, tafadhali. Joto linamuua."

"Mwanangu anatetemeka, nawe umekaa umemshika mwanamume mwingine."

Friji alilia. Hakuwahi kuumia vile. Machozi yalidondoka yakiwa punje za barafu, na mfagiaji akazizoa mapema, mtu asije akateleza.

Siku ya tatu mjomba alizinduka, akauliza matokeo ya mpira, akalalamika kwamba kifua kimemfa ganzi. Friji akapiga moyo konde, akavuka zile hatua nne. Mumewe alikuwa amefumbua macho. Friji alimwekea kiganja kwenye paji la uso.

"Mama, huyu nani?" mumewe akauliza.

"Muuguzi," mama yake akajibu.

Matroni alimpangusa Friji viganja kwa spiriti, akaandika kwenye orodha kwamba kifaa kinafanya kazi vizuri, akampeleka kitanda cha tatu, ambako shangazi wa mganga mkuu alikuwa anasubiri.