Binti wa Mchimbaji

Denzil Chegwidden aliigeuza ncha ya tawi la fuksia yake, ua la vikengele, kwa kidole gumba. Majani machanga yalikuwa yamevimba na kujikunja, mekundu kama sikio la mtu aliyezabwa kofi.

Utitiri. Mdudu asiyeonekana kwa macho, anayesafiri kwa nyuki, kwa mkasi, hata kwa mkono wa sweta. Ukishaingia, dawa ni moto tu.

Na hii haikuwa fuksia ya kuchoma. Binti wa Mchimbaji, ndivyo ua hili lilivyoitwa, lilizalishwa enzi za Malkia Victoria na mchimba bati mmoja wa hapa hapa Cornwall, katika kibanda cha vioo vya kuokoteza. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, vibanda vyote vya vioo vikaamriwa kupanda nyanya badala ya maua, bibi yake Denzil akaificha chooni. Chama cha wakuza fuksia kilikuwa na sheria yake: ua la zamani likae nyumba tatu, ili likifa moja lisipotee. Denzil aliliatamia peke yake, maana kikombe cha maonyesho kilishazoea kabati lake.

Tena mwaka juzi alimnyooshea kidole jirani yake, Loveday Pascoe, mbele ya chama kizima: "Huyu mama ameniibia kitawi!" Loveday akafukuzwa chamani.

Sasa Denzil alisimama mlangoni kwa Loveday, kofia mkononi.

"He! Polisi wamerudi," alisema Loveday. "Leo nimeiba nini, kipenzi? Mnara wa kanisa?"

"Loveday, niambie kweli. Uliniibia?"

"Si niliapa mbele ya mchungaji kwamba sikuiba?"

"Najua. Naomba Mungu uwe ulidanganya."

Kicheko kilimkauka mama wa watu. "Imekufa?"

"Naichoma leo."

Loveday alitazama barabarani kama anayeogopa kusikiwa. "Niliiba. Kitawi kimoja tu, nikakitia kwenye sidiria ulipokuwa unawamiminia wageni chai. Na ningeiba tena, bahili wee. Njoo uone."

Denzil aliinua mguu kuvuka kizingiti. Kisha akaiona sweta yake, ile ile aliyojipenyeza nayo matawini asubuhi. Alitaka kusema, ngoja kwanza nikabadilishe. Lakini hamu ilimziba mdomo, na Loveday alikwishamkamata mkono wa sweta, anamvuta.

Kibandani mlikuwa na joto na harufu ya udongo mbichi. Fuksia ilisimama pale, kubwa kuliko yake, vikengele vyekundu na vyeupe vikining'inia. Hakuna jani lililojikunja.

"Hebu ona machipukizi yake," alisema Loveday kwa fahari, na kwa mkono ule ule uliomvuta akainua ncha changa kabisa, akaipapasa polepole.