Kamera Yenye Mtoto wa Jicho

"Kamera yako ina mtoto wa jicho!" Fundi alipaza sauti katikati ya ua, kamera yenyewe ikimning'inia kifuani.

"Haina," Baba Nailoni akajibu kutoka mlangoni kwake. "Kama kuna jicho bovu hapa, si la kamera."

"Basi nirudishie vitambaa vyangu vya makochi."

"Vimeshakaliwa."

Nilikuwa barazani nasuka kichwa cha mteja. Nikamwomba avumilie kidogo, nikasogea. Ugomvi wa majirani hausimuliwi, unahudhuriwa.

Nyumba yetu ni ya wapangaji, milango inatazamana, ukikohoa chumba cha kwanza wa chumba cha mwisho wanakupa pole. Kwa hiyo sote tulijua biashara ile ilivyokwenda. Baba Nailoni zamani alikuwa akipiga picha za harusi, mpaka magoti yalipogoma kuchuchumaa. Jina lake alilipata kwa haki kabisa: makochi, godoro, rimoti, kila kitu chake kingali na nailoni kiliyotoka nayo dukani. Ukimtembelea siku ya joto, ukiinuka kochi nalo linataka kuinuka. Fundi, shoga yangu, yeye ni wa cherehani. Alimshonea vitambaa vya kufunika makochi yale, juu ya nailoni bila shaka, naye akapewa kamera. Wakapeana mikono, tukashuhudia.

Fundi hakuitaka kamera kwa maringo. Miaka yote amekuwa mtu wa kubadilisha zipu na kupunguza suruali za watu. Sasa mwenye duka la nguo la barabara kuu alikuwa amemwambia, "Niletee picha ya gauni uliloshona mwenyewe, mshono uonekane. Nikilipenda nalitundika dirishani." Dirishani! Simu ya Fundi ilijaribu, gauni likatoka kama pazia lililonyeshewa. Na duka lilikuwa linamsubiri siku ile ile ya ugomvi, kabla ya kufunga.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Siku ya kwanza alipiga picha za giza tupu akilaumu betri, mpaka mtu akamwonyesha kuwa lenzi bado ina kifuniko. Kisha akakutana na lile gurudumu la juu lenye herufi, akawa analizungusha kama anatafuta stesheni ya redio. Baba Nailoni akamwambia weka alama ya kijani, acha mashine ifikirie yenyewe. Akaweka. Mimi nikavalishwa gauni, nikasimama ukutani tumbo nimelivuta ndani. Akapiga. Akatazama kioo cha nyuma: ukungu. Akapiga tena: ukungu. Mama wa chumba cha mwisho akashauri ilazwe ndani ya mchele. Ikalazwa. Ukungu ukabaki, na punje tatu zikakaa kwenye kamba.

Ndiyo maana asubuhi ile palikuwa hapatoshi.

"Hebu lete," Baba Nailoni akaichukua, akachungulia kwenye kitundu. "Mbona mimi naona mpaka ukoko kwenye sufuria yako?"

"Ikichungulia inaona kama mwewe! Ikikumbuka, inakumbuka kama mlevi! Tazama hicho kioo."

"Mimi kioo sijawahi kukitazama. Nilikuwa napiga, napeleka kadi studio, mtu anapata picha yake. Wewe kila ukipiga unageuza kujitazama, unapiga picha au unanyoa ndevu?"

Watu wakacheka. Fundi hakucheka. Midomo ilikuwa inamtetemeka, nikajua yuko karibu kulia, na Fundi akilia huvunja vitu. Nikaipokea kamera ili walau isiwe yeye aliyeishika. Mimi nina kucha, na kucha zangu hazijui kutulia. Kidole kikapita pembeni mwa kioo, kikakuta kitu kimenyanyuka kidogo. Nikakwangua.

"Usivue!" Baba Nailoni akaruka kama mtu aliyevuliwa yeye.

"Usitoe!" Fundi naye akaruka. "Hiyo ndiyo inayoonyesha bado ni mpya!"

Kwa mara ya kwanza siku hiyo walikuwa kitu kimoja. Lakini nailoni ilikuwa imeshatoka, ya manjano, imechakaa, ina vumbi la harusi za watu walioachana zamani.

Tukakutanisha vichwa. Picha ilikuwa safi kama maji ya mtungi. Nilijiona mimi, na jasho langu, na ndevu mbili za kidevuni ambazo mume wangu huniapia kwamba hazipo. Kisha tukaliona gauni. Mshono wa kiuno ulianza vizuri upande wa kushoto, ulipofika kulia ukapanda kama siafu aliyepotea njia.

Ukungu ule ulikuwa umetustiri watu wawili.

"Angalau sasa inaona," Baba Nailoni akanong'ona, akaingia ndani kabla hajajibiwa.

Nilipommaliza mteja wangu, nikamwambia Fundi twende na ile picha ya simu. Akakataa. "Ameomba mshono uonekane. Ataona mshono."

Dukani, mwenye duka alivaa miwani, akaikuza picha, akapumua.

"Dada yangu, gauni limepanda kiunoni."

"Limepanda," Fundi akakubali, macho chini.

"Dirishani sitaliweka. Lakini hii picha nani kapiga?"

"Mimi."

"Mbona nahesabu nyuzi! Wapiga picha wangu wote wananipigia kuta. Njoo kesho na kamera yako unipigie nguo zote hizi. Ila nataka hivi: nguo ionekane, nyuma yake pawe na ukungu kidogo."

"Ukungu?"

"Ukungu. Si unajua kuuweka?"

"Ah, huo tu?" Fundi akasema. "Na gauni langu?"

"Linyooshe, lilete, utalipiga pamoja na mengine. Tukilipenda, tutaona."

Karibu na nyumbani akasimama njiani. "Nimekwenda fundi nguo, nimerudi mpiga picha," akalalamika. "Wiki nzima nautukana ukungu, leo nautafuta kwa udi na uvumba. Shoga, unatoka wapi huo?"

"Mimi ni wa nywele," nikamwambia. "Anayejua unamjua."

Jioni alipika, akanipakulia mimi na wenzangu tuliojialika. Ng'ambo ya ua Baba Nailoni alikuwa amesimama mlangoni, anakagua anga lisilo na wingu lolote. Fundi alikaa na mwiko mkononi kitambo. Mwishowe akatoka hadi kizingitini.

"Jirani."

"Naam, jirani."

"Ule ukungu wa nyuma ya mtu, unawekwaje?"

"Ipo herufi yake pale kwenye gurudumu." Akakohoa. "Na lenzi nayo ina namna yake. Lakini ni maelezo marefu, hayafai kwa mtu aliyesimama."

"Na nani amekuambia usimame? Hebu ingia ule, chakula kinapoa."