Pedi ya Manyoya

Ijumaa asubuhi Danieli alisimama mbele ya rafu yake kwa muda ambao fundi mwingine angekuwa ameshamaliza mlango mzima. Rafuni kulikuwa na pedi tatu za mashine ya kung'arisha magari. Moja ya manyoya ya kondoo, inayokata mikwaruzo kwa pupa. Ya pili ya sponji ngumu ya njano, ya kati. Ya tatu ya sponji nyeusi, laini kama andazi. Hiyo haikati kitu, kazi yake ni kufuta alama zinazoachwa na hizo mbili za kwanza. Kila pedi na dawa yake: ya kukata, nzito, yenye mchangamchanga ukiisugua vidoleni, ya kati, na ya kumalizia, nyepesi kama losheni. Gari jeusi linataka zote tatu, kwa zamu, bila kuruka hata moja. Hayo Danieli alikuwa amewahubiria watu wa Lushoto kwa miaka ishirini na sita, mpaka wengine wakawa wanavuka barabara wakimwona.

Gari lenyewe lilikuwa nyuma yake, Crown nyeusi ya Tobia, mfanyabiashara wa kabichi wa Lukozi. Tobia alikuwa ameliazimisha kwa moyo mweupe. Lakini kwa miaka minne alikuwa akilisafisha kama wanavyosafisha wengi huko juu: tambara kavu, vumbi jekundu, sugua mpaka ling'ae. Vumbi lile ni msasa. Gari zima lilikuwa limejaa mikwaruzo midogo ya mviringo, na kesho yake lilikuwa limteremshe Glory kwenda kuolewa Korogwe.

Glory ni binti wa Evelina, dada yake Danieli. Baba yake alifariki Glory akiwa darasa la pili, na tangu hapo kila palipotakiwa baba alisimama mjomba. Harusi mjomba aliiweza. Aliyemkosesha usingizi ni bwana harusi. Alen alikuwa fundi wa rangi za magari, tena fundi hasa, mwenye karakana Korogwe. Alisema angepanda Lushoto alishughulikie gari mwenyewe, Glory akamkatalia kwa simu huku Danieli amekaa hapo hapo anakunywa chai.

"Gari langu linang'arishwa na mjomba," alimwambia. "Wewe vaa suti yako usubiri. Utakuja kujifunza kazi."

Danieli alicheka siku ile. Vicheko vingine mtu hulipia baadaye.

Jambo ambalo Glory hakulijua, wala mama yake, ni kwamba bega la kulia la Danieli lilikuwa limekufa. Tangu Pasaka, akishika mashine kwa dakika kumi, mkono unaingia ganzi hadi kwenye kidole cha mwisho. Hakumwambia mtu. Wateja aliwaambia umeme umekatika, na kwa kuwa umeme wenyewe unajulikana tabia zake, hakuna aliyebisha. Alikuwa amechoka. Alichoka kushika mashine, akachoka zaidi kuwapanga watu kwa visingizio.

Sasa alipiga hesabu kichwani. Mizunguko mitatu kwa gari zima ni kazi ya siku moja na nusu kwa mkono mzima. Yeye alikuwa na siku moja na mkono mbovu. Akanyoosha kidole kwenye sponji nyeusi, akakirudisha. Akachukua manyoya.

"Leo tu," alijiambia.

Akafunga pedi ya manyoya, akapaka dawa ya kukata, akaanza na boneti. Mikwaruzo ya Tobia ilitoka, hilo tusimnyime. Alifanya paneli, akapumzika, akafanya paneli, akakaa chini mgongo ukutani na kuukanda mkono kama unga. Alipofika buti ilikuwa saa kumi, na alikuwa anaisukuma mashine kwa tumbo. Pedi za sponji hakuzigusa. Alipaka nta yenye mafuta mengi, inayoziba alama kwa muda, akafuta kwa kitambaa, akarudi nyuma kutazama.

Likang'aa. Julai ile ukungu ulikuwa haujaondoka Lushoto siku ya nne, na mwanga wa ukungu ni mwema kwa mafundi: unatoka kila upande, hauonyeshi kosa la mtu. Danieli alilijua hilo kuliko yeyote. Wakati wa nguvu zake hakukabidhi gari jeusi kabla ya kuliteremsha Mombo, kwenye jua la tambarare, akalizunguka, na akiona alama moja alipanda nalo tena mlima mzima akarudia. Watu walimwona mwendawazimu. Siku hii alitazama saa, akatazama bega, akasema moyoni kwamba haina haja.

Jioni Evelina alikuja na kanga kichwani kwa ajili ya baridi. Alijiona mlangoni mwa gari, akashika mdomo.

"Hongea, kaka," alimshukuru kwa Kishambaa, na machozi yakamtoka. "Hongea mno. Mtoto hataaibika."

Danieli akamwambia dada yake aende akalale, kesho safari.

Jumamosi waliondoka mapema, Danieli kwenye usukani, Evelina kando yake, Glory nyuma na gauni limejaza kiti chote. Soni waliipita kwenye ukungu. Chini zaidi, kona baada ya kona, ukungu ukaanza kuwa mwembamba, na walipotokea Mombo jua likawaka lote mara moja.

Boneti ikaonekana. Ilikuwa imejaa mapinde ya mashine, moja juu ya jingine, kama uwanja uliofagiwa kwa fagio la chelewa. Ndiyo saini ya manyoya kwenye gari jeusi. Nyuma Glory alikuwa anajipiga picha na kuimba. Evelina alikuwa amefumba macho, anaogopa kasi. Hakuna aliyeona ila yeye, na mbele yao ilikuwa imebaki safari nzima hadi Korogwe chini ya anga isiyo na doa. Mjomba wa bibi harusi alikwenda njia yote akiomba wingu. Halikuja.

Kanisani mpiga picha aliwaelekeza katikati ya uwanja, juani kabisa. Alen alitoka kwenye kundi la wenzake, suti ya kijivu, na kabla hajamtazama bibi harusi macho yake yalikwenda kwenye boneti. Ni ugonjwa wa mafundi, hauna dawa. Yalianzia kwenye taa, yakapanda taratibu hadi kwenye kioo, yakakutana na ya Danieli.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

Alen alimgeukia mpiga picha. "Hapa jua kali, bibi harusi atatoka jasho. Tupige kule ukutani, kwenye kivuli."

Danieli akalisogeza gari. Kivulini mapinde yakapotea, mlango ukawa kioo tena. Glory alishuka, akajiona mzima, shela na yote, akamtazama mwanamume wake kwa ushindi.

"Nilikuambia nini?"

"Uliniambia," Alen alisema.

Evelina alipomvuta bintiye pembeni kumrekebishia shela, wanaume wawili wakabaki karibu na buti.

"Ni manyoya matupu," Danieli alisema kwa sauti ya chini. "Sikupitisha sponji hata moja."

"Nimeona, mjomba."

"Bora ungelifanya wewe."

"Ningelifanya mimi, Glory asingelipanda."

Danieli angetukanwa angejitetea, alikuwa na maneno tayari tangu Mombo. Huruma ya kijana ilimvunja nguvu zilizokuwa zimebaki. Alen alimpa mkono kwa adabu, akaingia kanisani kusubiri mbele kama inavyotakiwa.

Kengele ikalia. Glory akaja mbio, akamshika mjomba wake mkono wa kulia kwa uzito wake wote, kama alivyokuwa akiuning'inia utotoni. Danieli alitoa mlio ambao hakuujua kama wake.

"Mjomba! Nini?"

Umeme umekatika, alitaka kusema. Milango ilikuwa imefunguliwa, watu wamesimama, wote wamegeuka.

"Nishike upande wa pili," alisema. "Huu umekufa tangu Pasaka."

Glory aliutazama mkono, akautazama uso wake, kisha akageuka kulitazama gari pale kivulini.

"Sasa uliling'arishaje?"

"Vibaya," Danieli alisema.

Haikujulikana kama Glory atacheka au atalia. Akakusanya gauni, akamzunguka kwa nyuma, akaushika mkono wa kushoto polepole. Wakaingia.