Chai ya Wodi ya Wanawake

Saa kumi alasiri chai ya wodi ya wanawake iliingia kwenye birika la bati, bila sukari kama kawaida, maana sukari ilikuwa imekwisha tangu Pasaka. Jael, muuguzi aliyetoka chuoni mwaka huo wa tisini na nne, akaonja kikombe chake, akakiweka chini. Ilikuwa tamu. Akaenda moja kwa moja hadi kitanda cha dirishani.

Hadijah wa Matungu alikuwa amelowa jasho, mikono ikimtetemeka, akimwita Jael kwa jina la mbuzi wa nyumbani kwake. Jael akamtoboa kidole, akaona sukari ya damu imeshuka mno, akampa glukosi kwenye mshipa. Muda si muda Hadijah akafumbua macho, akaomba radhi, na chai ikapoteza utamu wodi nzima.

"Sista, si ungengojanga kidogo tumarize vikombe," alisema Awinja wa kitanda cha pili, mguu wake ukiwa kwenye plasta.

Ndivyo ilivyokuwa. Sukari ikitoka kwenye damu ya Hadijah, huingia kwenye chai ya walio karibu naye. Daktari hakuwa na neno na hilo. Alichotafuta ni kwa nini ilishuka. Alishuku uvimbe kwenye kongosho. Jumatatu Hadijah angepelekwa hospitali kubwa akapasuliwe.

Jael hakutulia. Mbona Hadijah huanguka kila anapoambiwa amepata nafuu, karibu arudi kwake? Chini ya kitanda palikuwa na nyungu ndogo ya maji aliyokuja nayo. Wagonjwa wengi walileta maji ya nyumbani, kwani ya bomba yalinuka dawa. Jael akaomba kikombe kimoja.

"Haya si ya wageni," Hadijah akasema, akainamisha kichwa.

Hakuna mtu wa Matungu aliyewahi kumnyima Jael maji. Akavuta pazia, akaketi ukingoni mwa kitanda. Aliogopa maswali makubwa, kwa hiyo akauliza dogo, kwa sauti ya chini.

"Unajidunga, dada?"

Hadijah akatumbukiza mkono ndani ya nyungu, akatoa kichupa cha insulini, dawa ya kushusha sukari, kinachochuruzika maji. "Ya mama mkwe. Tunaiwekanga humo, joto lisiiharibu." Akakifuta kwa shuka. "Nikianguka ndio naulizwanga kama nimekula."

Safari ya kupasuliwa ikafutwa. Jael aliomba Hadijah abaki hadi apatikane mshauri wa kuzungumza naye. Daktari akasema mshauri hayupo na kitanda kinahitajika.

Mumewe, Abdulmalik, alikuja kumchukua. "Asalaam aleikum, sista. Afadhali arudi. Tangu aje huku chai ya nyumbani haina ladha, mama analalamika."

Jael akamkabidhi kichupa, akamweleza kwamba kifungiwe kwa kufuli na kwamba Hadijah asikose chakula.

"Sawa, sista."

"Na leo, amekula?"

Abdulmalik akatazama saa yake, kisha akabeba nyungu.

Kila alasiri Jael alikuwa wa kwanza kuonja chai, na kila alasiri alishukuru kuikuta chapwa. Halafu siku moja ya mvua ulimi wake ukagusa utamu, mwembamba sana, maana Matungu ni mbali. Akasimama akitazama kitanda cha dirishani, ambako sasa alilala mtu mwingine.

"Leo iko na kitu," Awinja akasema, akinyoosha kikombe. "Niongezee, sista."

Jael akamwongezea.