Siku Fundi Magodoro Alipodaka

Fundi Magodoro alikuwa akifungwa goli lile lile tangu mtoto wake wa kwanza hajaota meno, na sasa mtoto huyo ananyoa ndevu. Si kwamba alikuwa kipa. Alikuwa fundi wa kushona magodoro na kuvalisha makochi, na timu yake ilikuwa Nyundo, ambayo maisha yake yote imetwaa kombe mara moja tu, kwa bao moja tu, dhidi ya Ngome, dakika ambayo watu walishaanza kutafuta viatu vyao waende zao.

Kila mwaka, siku ya bao hilo, tawi la mashabiki wa Nyundo lilikusanyika kwenye uchochoro kati ya karakana ya Fundi na saluni ya Kinyozi, likaliigiza bao upya, hatua kwa hatua. Alihitajika mtu wa kuwa kipa wa Ngome. Na kwa kuwa kipa yule siku ile aliruka kushoto, akaanguka kifudifudi, huku mpira ukijiendea kulia polepole kama mtu anayeulizia nyumba ya mgonjwa, akatafutwa mtu mwenye godoro.

"Ni heshima, kaka," Kinyozi, mwenyekiti wa tawi, alimwambia mwaka ule wa kwanza. "Usipofungwa wewe, sisi hatuna kombe."

Heshima yenyewe ilikuwa na vumbi puani, lakini Fundi aliipenda Nyundo, akafungwa mwaka hadi mwaka bila kulalamika.

Siku hiyo saluni ilijaa mpaka waliokuja kunyolewa wakakosa pa kukaa. Kinyozi alikuwa ameinua mashine hewani, kichwa cha mteja kimenyolewa nusu, na kwa hali ilivyokuwa nusu nyingine ingesubiri.

"Haya! Winga wetu, kabla ya kupiga, alifanya nini?"

"Alitema mate!" wakaitikia.

"Upande gani?"

"Kulia," akasema Muuza Viatu, ambaye kila mwaka ndiye aliyeigiza winga huyo, japo winga alikuwa mwembamba kama ufagio na yeye tumbo lilimtangulia kona.

"Kushoto, bwana! Upepo ulikuwa unatoka kulia. Angejitemea mwenyewe."

"Kwani wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo! Nilikaa nyuma ya bendera ya kona."

"Nyuma ya bendera ya kona nilikaa mimi!"

Ungewakusanya wote waliokula kiapo kwamba walikaa nyuma ya bendera ile ya kona, ungelazimika kuijengea bendera uwanja wake peke yake.

"Na mbwa je?" Kinyozi akaendelea, maana kabla ya bao mbwa alikatiza uwanja, mabeki wa Ngome wakaduwaa. "Alibweka au hakubweka?"

"Alibweka," akajibu Mlinzi wa duka la dawa, kwa sauti ya mtu aliyechoka. Yeye ndiye alikuwa mbwa. "Na mwaka ujao mimi nataka niwe refa. Magoti yangu yamekwisha."

"Mbwa ana nafasi yake katika historia, ndugu yangu."

"Basi apewe na mafuta ya kuchua."

Watu wakacheka. Fundi peke yake hakucheka. Alikuwa amekaa karibu na mlango, akitazama viganja vyake kana kwamba ameazimwa na anatakiwa kuvirudisha, kwa sababu mama mkwe wake alikuwa amefika jana yake, na leo, kwa mara ya kwanza, angekuja kutazama.

Mambo yake na mama mkwe yalianza siku ya kujitambulisha. Alikwenda ukweni na suruali ya kuazima, akakaribishwa vizuri, mama mkwe akamkabidhi chupa ya chai. Ikamponyoka. Chupa mpya, yenye maua, ikapasuka ndani kwa ule mlio ambao ukishausikia huusahau. Mama mkwe hakugomba. Alisema tu, "Haidhuru," na tangu siku hiyo hakuwahi kumpa kitu mkononi. Kikombe aliwekewa mezani. Mzigo aliwekewa chini. Watoto walipozaliwa, bibi yao aliwapitisha juu ya kichwa cha baba yao akampa shemeji, akampa jirani, mmoja akampa hata mteja aliyekuja kuulizia kochi lake. Fundi aliwashika wanawe baada ya mama mkwe kupanda basi.

Na mchana huo, wakati wa kula, mama mkwe alikuwa ameuliza:

"Mwanangu, nasikia leo unacheza mpira."

"Ndiyo, mama. Mimi ni kipa."

"Kipa si ndiye yule wa kudaka?"

"Ndiye, mama."

"Kwa hiyo utadaka?"

Fundi akamtazama mkewe. Mkewe akatazama chumvi.

"Hapana, mama. Mimi nafungwa."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka."

Mama mkwe akatafuna taratibu mpaka akamaliza. "Haidhuru," akasema.

Hiyo haidhuru ndiyo iliyokuwa imemkaa kooni mpaka saa ya mechi.

Uchochoro ukafurika. Mstari wa goli ulichorwa kwa chaki ya kukatia vitambaa, nguzo zikawa mapipa mawili, godoro likatandikwa kushoto. Mama mkwe alikalishwa mbele kabisa, juu ya kochi la mteja ambalo lilikuwa bado na nailoni yake, akawa kila akijisogeza linalia. Mkewe Fundi akasimama kando yake.

Kinyozi, akiwa refa, akapuliza filimbi. Mlinzi akakatiza uwanja kwa miguu minne, akabweka kwa uchungu wa kweli, umati ukaitikia, "Mbwa! Mbwa!" Muuza Viatu akatema mate kushoto, akamwangalia Kinyozi kuhakikisha, akaanza kukimbia. Tumbo likafuata kwa wakati wake.

Hapo ndipo Fundi alipomsikia mama mkwe akimwambia binti yake, kwa ile sauti ya chini ambayo husikika mtaa wa pili: "Ataachia huyu. Mikono ile ni ya kuvalia saa tu."

Mwili wa Fundi uliijua kazi yake: kushoto, kifudifudi, godoroni. Kichwa nacho kilijua. Mikono ndiyo iliyogoma. Ikaenda kulia, ikamburuta na mwenyewe, ikaunyaka mpira na kuukumbatia kifuani.

Nailoni ya kochi ikalia.

"Umefanya nini?" akauliza Kinyozi.

"Nimedaka."

"Kwamba umedaka naona! Nauliza kwa nini!"

"Umekuja mkononi."

"Sikuwa tayari," akasema Muuza Viatu. "Turudie."

Wakarudia. Akadaka. Wakarudia tena, safari hii kiatu kikachomoka pamoja na mpira, na Fundi akadaka mpira kwa mkono mmoja, kiatu kwa mwingine. Wala hakuwa akijivuna. Alikuwa na uso wa mtu aliyekamatwa na kwikwi kanisani.

Ng'ambo ya uchochoro, Muuza Nyama akaweka kisu chini. Huyu alikuwa Ngome damu, na miaka yote hiyo alitazama timu yake ikifungwa mbele ya bucha lake bila la kufanya. Akaja na aproni yake.

"Nimeona! Mtaa mzima umeona! Bao hakuna. Leteni kombe."

Kombe la tawi, lililoungwa na fundi wa masufuria kwa mfano wa lile lenyewe, lilikuwa kwenye rafu ya saluni, limewekewa vitana.

"Bwana, haya ni maigizo tu," akasema Kinyozi.

"Maigizo? Mwaka jana nilikuomba mumfanye kipa wetu aanguke vizuri kidogo, ukaniambia nini? Si uliniambia hapa hakuna maigizo, hapa ni historia yenyewe, hata mate yana upande wake?"

Kinyozi alikumbuka. Alisema hivyo. Alisema mbele za watu.

"Bila bao ni sare," mtu akapendekeza. "Waongezewe muda."

"Muda wa nyongeza acheze nani, magoti haya?" Mlinzi akafoka, bado yuko chini. "Ina maana miaka yote nimekuwa mbwa bure!"

"Subirini kwanza." Alikuwa mke wa Kinyozi, amejishika kiuno. "Wewe. Si ulinikumbatia pale uwanjani kwa ajili ya lile bao, hunijui sikujui, ndiyo tukaoana?"

"Ndiyo, mke wangu."

"Na bao halipo."

"Mke wangu, usiende huko..."

"Basi tuachane vizuri tu. Ngoja nikachukue begi." Na wanaomjua wanasema alitembea haraka kuliko mtu mwenye huzuni.

Kinyozi akaiacha filimbi ining'inie. Akamwendea Fundi, akamshika bega. "Kaka yangu, nakuomba. Mara moja tu. Ruka kushoto. Ndoa yangu iko mikononi mwako."

"Siwezi."

"Kwani wewe ni shabiki wa nani?"

Hilo likamchoma. Alikuwa shabiki wa nani? Siku ya kombe alilia mpaka akapaliwa. Akageuka kumtazama mama mkwe. Mama mkwe alikuwa ameegemea mbele, na hakuwa akimtazama usoni. Alikuwa akiitazama mikono yake. Akiachia, anarudi kuwa yule wa chupa mpaka kaburini. Asipoachia, Nyundo haijawahi kushinda kitu chochote duniani.

"Mara ya mwisho," Kinyozi akatangaza, na Fundi akaurusha mpira kwa Muuza Viatu. Lakini Muuza Viatu alikuwa ameshachoka, hana hata pumzi ya kujitetea. Akapiga kwa ncha ya kidole, mpira ukaenda upande wake unaoujua wenyewe, ukabingirika mpaka kwenye kochi, ukatulia miguuni mwa mama mkwe.

Mama mkwe akavaa ndala zake. Akauokota.

"Kelele zote hizi za nini?" akasema. "Mtu hasikii hata mawazo yake."

Akaingia uwanjani. Kinyozi aliinua filimbi, akaishusha. Nani anampulizia filimbi mama wa watu? Akatembea mpaka golini, akaufuta mpira vumbi kwa upindo wa gauni lake la maua, akaunyoosha mbele ya Fundi.

"Haya, mwanangu. Pokea."

Fundi akasahau Nyundo, akasahau Ngome, akasahau na goli lenyewe. Akapokea kama mtu anavyopokea kitu kwa mkwewe: mikono miwili, kichwa chini, magoti yamekunjwa, na hatua moja nyuma, asije akamsogelea mno. Halafu, kwa shukrani, hatua nyingine.

Aliyeona wa kwanza ni Mlinzi, kwa sababu macho yake yalikuwa kimo cha chaki.

"Ndani!" akapiga kelele. "Umevuka mstari! Mzima mzima, na kipa wake!"

Kinyozi akapuliza filimbi mpaka ikakwama.

"Mkono!" Muuza Nyama akaruka. "Amefunga kwa mkono! Refa, kadi!"

"Kampe wewe," akasema Kinyozi. "Yule pale."

Muuza Nyama akamtazama mama mkwe. Mama mkwe akamtazama Muuza Nyama, kuanzia aproni kwenda juu. Muuza Nyama akajipangusa mikono.

"Bao ni bao," akasema kwa sauti ndogo, akarudi kwenye nyama yake.

Mke wa Kinyozi, aliyekuwa ametokea mlangoni na begi, akaliweka chini kama mtu aliyeambiwa basi limeharibika.

Fundi hakusikia kelele wala vigelegele. Alibaki amesimama nyuma ya mstari, ameushika mpira, akisubiri umponyoke. Haukumponyoka.

Kabla mteja wa Kinyozi hajamaliziwa nusu yake ya kichwa, saluni ilikuwa imejaa tena.

"Mfungaji alivaa nini?"

"Gauni la maua!"

"Ndala?"

"Bluu!"

"Nyekundu, bwana. Aliingia kutokea winga ya kushoto, akamlamba chenga beki..."

"Kwani wewe ulikuwepo?"

"Nilikaa nyuma ya bendera ya kona!"

Muuza Viatu alikaa kwenye benchi akisugua kidole chake, na hakuna aliyemuuliza chochote.

Nyumbani, mama mkwe alimimina chai, akafunika chupa, akatazama huku na huku. Shemeji hakuwepo. Jirani hakuwepo. Akamnyooshea Fundi.

"Ipeleke jikoni," akasema. "Taratibu."

Fundi akaipokea kwa mikono miwili, akaenda nayo kinyumenyume mpaka jikoni, na mkewe akamshikia mlango.