Kuku wa Gossage

Ukitaka historia ya Kombe la Gossage, waulize wenye vitabu. Watakuambia kwamba lilitolewa na watengeneza sabuni, kwamba Kenya na Uganda ndio walioanza kuligombea mwaka 1926, kwamba Tanganyika iliingia baadaye na Zanzibar ikafuata. Yote hayo ni kweli. Lakini kuna historia nyingine ambayo wangeisimulia kuku wa Bibi Yunisi, kama wasingeliwa wote.

Maana kila mgeni aliyefika nyumbani kwake, nje kidogo ya Kiomboi, kusikiliza jinsi mumewe, Mzee Kefa, alivyookoa mpira uliokuwa unaingia golini, alikula kuku. Walikuja walimu, wakaja wachungaji, wakaja madiwani wakati wa kampeni na hawakuonekana tena. Kefa alikaa kwenye kiti akasimulia. Yunisi alikimbiza kuku, akanyonyoa, akapika, akaandaa, akarudi jikoni.

"Kombe la sabuni," alizoea kusema, "na nyumba hii haijaona hata kipande cha kufulia."

Sasa alikuwa amechoka, na si uchovu ule wa kulala ukaamka umepona. Magoti yalikuwa yamemkataa, na Kefa alikuwa ameanza kusahau. Alianza na majina ya wajukuu, akaja kwenye njia ya kanisani, na tangu mavuno ya alizeti yaliyopita alikuwa akimwita mkewe "mama", kwa adabu, kama msafiri anavyomwita mwenye nyumba aliyemsitiri. "Mama, asante kwa maji." "Mama, Mungu akubariki." Yunisi aliitikia tu. Kuna neno moja alilokuwa akilingoja kutoka kwa mwanamume huyo tangu ujana wao, na mwenye kulitoa sasa hakujua hata anaishi na nani.

Neno lenyewe ni dogo. Watu humpa hata aliyejikwaa njiani: pole.

Siku hiyo mtoto wao Stanley alipiga simu kutoka Singida Mjini.

"Shikamoo mama. Kesho anakuja kijana wa redio, anaitwa Chediel. Anataka kumrekodi baba, habari za Gossage."

"Stanley, baba yako hakukumbuki hata wewe."

"Gossage hawezi kuisahau, mama. Wewe mchinjie tu mgeni kuku."

Mchinjie tu! Yunisi alikata simu kabla hajasema neno ambalo Mkristo angelitubu Jumapili.

Chediel alifika na bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope. Alitoa shikamoo zake vizuri, akakaa karibu na mzee, akaweka simu juu ya stuli na kuanza kurekodi. Yunisi alikuwa anapakua. Aliweka ugali wa uwele, akaweka bakuli la kuku, na firigisi akaiweka kwenye sahani ya Kefa, maana firigisi ni ya baba mwenye nyumba na haijawahi kwenda kwingine.

"Babu," alisema Chediel, "tuanze na Gossage."

"Nani?"

"Gossage, babu."

Kefa alifikiri kwa bidii. "Simjui. Ni wa ukoo gani huyo?"

Chediel alitabasamu, kisha akaona kwamba si mzaha. Mkono wake ukaenda kwenye simu kuizima. Yunisi aliuona mkono ule, akajua kwamba kijana atarudi mjini aseme yule mzee hana kitu kichwani, na basi, Kefa aliyejulikana mpaka Mkalama atakuwa amekwisha. Angeweza kunyamaza. Hata shetani asingemlaumu. Lakini alivuta kigoda akakaa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya wageni wa Gossage.

"Iache," alisema. "Nitasimulia mimi."

Akasimulia, na alikuwa nayo yote, mpaka mahali ambapo Kefa alizoea kukohoa. Miaka ya mwanzo ya Uhuru. Lori mpaka Manyoni, kisha treni mpaka kambini Dar es Salaam. Viatu vya kuazima vilivyombana vidole. Siku ya mechi na Uganda, ambao walikuwa wamelichukua kombe lile mara nyingi mpaka wakaliona kama chungu cha nyumbani kwao. Mpira ukampita kipa. Beki mmoja kutoka Iramba akaurukia kwa kichwa palepale kwenye mstari, akagonga mwamba wa goli, jino likatoka, mpira ukatoka. Kefa alisikiliza mdomo wazi.

"Loo!" alisema. "Mwanamume huyo!"

"Akarudi kwao," aliendelea Yunisi, "na kijiji kizima kikampokea kwa vigelegele." Hapo ndipo Kefa alipokuwa akimalizia siku zote, na hapo ndipo wageni walipokuwa wakipiga makofi na kunawa mikono. Chediel naye alifikiri imekwisha.

Yunisi alijikuta anaendelea. Hakuwa amepanga. Uchovu ukizidi, hata woga nao huchoka.

"Huyo beki alikuwa na mke," alisema. Hakutaja jina, asije akamtisha mzee. "Alimwacha na mimba ya kwanza. Akazaa mtoto wa kike peke yake na mama mkwe, akamwita Agripina. Mtoto hakufikisha siku arobaini. Wanaume wa jirani walichimba kaburi, baba mtu yuko kwenye treni anaimba na wenzake. Alivyofika, wamembeba mabegani, mke alikuwa amesimama mlangoni, maziwa yanamtoka yanalowesha gauni. Akamwambia. Naye akasema kazi ya Mungu haina makosa, akageuka kwa watu, maana walikuwa wanangoja habari za mpira."

Chediel aliinamisha kichwa. "Pole sana, bibi," alisema kwa sauti ndogo. Yunisi alimshukuru kwa moyo, ingawa pole yenyewe ilikuwa inatoka kwa mtu asiyehusika.

Kefa alikuwa ameshika firigisi, hajaila. Uso wake ulikuwa umekunjamana.

"Huyo mama yuko hai?" aliuliza.

"Yupo."

"Na mumewe hakumpa pole?"

"Hakumpa."

"Hata baadaye? Hata wakiwa wawili tu?"

"Hata wakiwa wawili tu."

Kefa alitikisa kichwa. "Mtu gani huyo," alisema. "Anaokoa mpira, nyumba inamshinda." Akanyoosha mkono, akaiweka firigisi kwenye kiganja cha Yunisi, akavifunga vidole vyake juu yake kimoja kimoja. "Mama, wewe una huruma. Ukionana naye mpelekee hii. Mwambie Kefa amesema pole. Pole sana kwa mtoto."

Yunisi alimtazama mumewe machoni, akitafuta kama kuna mtu mle ndani anayejua anachosema. Hakumwona. Palikuwa na mzee mmoja mpole, amemwonea huruma mwanamke asiyemjua.

"Nitamfikishia," alisema mwishowe.

Alijiinua kwa magoti yake mabovu, akaenda jikoni, akaketi karibu na majivu. Firigisi ngapi alikuwa amezipika, na hakuwahi kuijua ladha yake. Akaila yote, polepole, machozi yakimfika mdomoni, akasahau kuyafuta.

Nje, Kefa aliita. "Mama! Imefika?"

Yunisi alimeza kwanza.

"Imefika," alisema.