Daraja Lisilo na Maji

Kusini mwa Iowa hukosi ruhusa ya kuwinda. Shida ni kwamba unaweza kuipata, ukashukuru, ukarudi kwenu Wisconsin ukiimba njia nzima, kisha Desemba ukaja na bunduki na kugundua kuwa uliipokea kwa mtu ambaye hakuwa nayo. Au alikuwa nayo. Mpaka leo sijui vizuri.

Aliyetaka kulungu wa Iowa ni baba yangu, Verlyn Torvund. Mtu wa jimbo jingine hapewi kibali cha dume huko kwa kutaka tu. Unaingia kwenye bahati nasibu na kusubiri miaka. Baba alisubiri mpaka jicho lake la kushoto likafa likisubiri naye. La kulia, daktari alisema, linafuata njia hiyo hiyo. Kibali kilipotoka alikiweka mezani kando ya bakuli la supu, akasema, "Signe, ni mwaka huu au basi." Kisha akaomba chumvi.

Nilianza na wenye kambi za wawindaji, wale wanaokulaza, kukulisha na kukuketisha juu ya mti wao. Wa kwanza aliniuliza baba anataka pembe za inchi ngapi, kana kwamba tunashona mapazia. Wa pili alisema nafasi zimejaa mpaka mwaka ambao baba hataona hata mlango wa kambi yenyewe. Na baba mwenyewe alikuwa hataki.

"Nishikwe mkono nipelekwe kwa kulungu kama mtoto wa chekechea? Nenda kagonge milango, kama watu."

Basi Agosti nikajaza jibini la kwetu kwenye sanduku la barafu, nikaenda kugonga milango. Wengine walichukua jibini wakasema hapana. Wengine walisema hapana kabla sijalitoa. Nilipokaribia kukata tamaa nikamwona mzee mmoja akimwaga chakula cha ng'ombe kando ya shamba la mahindi. Nyuma ya mahindi kulikuwa na kichaka cha mialoni, na maji yaking'aa upande wa pili wa kichaka. Jina lake Lowell Brandt.

"Shamba hili ni lako, mzee?"

"Kwani unaniona nalisha ng'ombe wa nani?"

"Naomba baba yangu awinde hapa Desemba. Amebaki na jicho moja."

"Hao kulungu wananilia mahindi kuliko ng'ombe. Njooni mkae pale kichakani. Ila geti mlifunge, binti. Mkiliacha wazi nitakuwinda wewe."

Tukapeana mikono. Kwetu anayelisha ng'ombe ndiye mwenye ardhi, na mkono ukishapeanwa hakuna la kuongeza. Sikuuliza zaidi. Nilimwachia jibini lote lililobaki.

Desemba tukaja. Asubuhi ya kwanza theluji ilikuwa imeganda, tukaingia kichakani kimyakimya, baba ameshika mkoba wangu nyuma ili asijikwae. Tulipofika chini ya mwaloni mkubwa sauti ikatoka juu: "Jamani, hapa pana mtu."

Nikainua macho. Mtu mzima amekaa kwenye kiti juu ya mti, fulana ya rangi ya chungwa, kikombe cha kahawa mkononi.

"Samahani sana," baba akasema. Baba ni mtu wa kuomba radhi. Akigonga kiti, anakiomba radhi kiti.

Hatujageuka, pikipiki ya magurudumu manne ikaja ikinguruma. Aliyeiendesha alijitambulisha kama Cordell Pruett, mwenye kambi.

"Nani kawaleta hapa?"

"Mzee Brandt katupa ruhusa," nikasema.

Akacheka mpaka mteja wake juu ya mti akacheka pia. "Brandt kakodi udongo, dada. Mimi nimekodi kulungu."

"Samahani," baba akasema tena.

Tulikwenda kwa Brandt. Alikuwa jikoni anakaanga mayai. "Mahindi yangu," akasema bila kugeuka. "Wakila mahindi yangu, kulungu ni wangu. Huyo Pruett kapanda nini?"

"Lakini ardhi ni yako?"

"Ardhi ya Bi Arlys Fenn. Nakodi kwake tangu wewe hujazaliwa. Kaeni, kuna mayai."

Nikahesabu vidoleni. Mmoja ana mahindi, mwingine ana kulungu, wa tatu ana ardhi, na sisi tuliokuwa na kibali hatukuwa na pa kukanyaga. Baba alikula mayai yake polepole, akiyatafuta kwa uma pembeni mwa sahani, na mimi nikajifanya sioni.

Bi Arlys Fenn alikaa mjini, kwenye nyumba ya wazee karibu na kanisa. Tulimkuta anacheza karata peke yake na kujiibia.

"Mmetoka Wisconsin? Mbona hamjaleta jibini?"

"Brandt alilila lote, bi mkubwa," nikasema.

"Ndiyo tabia yake." Akasikiliza kisa chetu chote, kisha akaweka karata chini. "Mbona ni rahisi? Pruett nilimpa kuwinda kaskazini mwa kijito. Kusini mwa kijito yeyote aliyeambiwa na Lowell aingie, na aingie."

Nikashangilia moyoni. Kisha nikajiuliza: Pruett alituzuia kusini mwa maji? Hapana, kaskazini. Maji yalikuwa kusini mwa kichaka, kwa hiyo kichaka kilikuwa kaskazini mwa maji. Kwa hiyo Pruett alikuwa sahihi. Lakini Brandt, aliyelima pale maisha yake yote, alituambia tukae pale pale.

"Kijito kile kinachopita nyuma ya mialoni?" nikauliza.

"Nyuma?" Bi Arlys akanitazama kana kwamba nimelewa. "Kijito kinapita mbele ya mialoni, mwanangu. Pale kwenye daraja la mbao. Nilivua samaki hapo nikiwa na mikia miwili ya nywele."

"Hakuna kijito mbele ya mialoni."

"Basi wewe hukwenda shambani kwangu."

Tulirudi jioni ile ile, na nilikuwa siamini tena hata macho yangu mazima mawili. Upande wa kaskazini wa kichaka, katikati ya majani makavu marefu kuliko kiuno, lilisimama daraja la mbao. Chini yake hapakuwa na tone. Mfereji mkavu uliojaa majani na theluji, basi. Brandt alipoulizwa kwa simu akasema, "Ah, ndiyo. Mafuriko yalikihamisha kijito. Bi Arlys hajaja huku tangu wakati huo. Nani angemwambia? Angelia."

Kwa hiyo kijito kipi? Cha Bi Arlys kilikuwa hewa, na kwa hicho kichaka ni chetu. Cha Pruett kilikuwa na maji, na kwa hicho kichaka ni chake. Nililala vibaya. Asubuhi nikamwambia baba: mwenye ardhi alisema kijito, na kijito alichokiona kichwani kina daraja. Tutakaa darajani kwenyewe. Kama ni mpaka, tumekaa juu ya mpaka.

"Tukimkosea mtu je?" baba akauliza.

"Hatumkosei mtu."

"Una uhakika?"

"Sina," nikasema. "Lakini kaa."

Akakaa, mgongo kwenye nguzo, bunduki juu ya ukingo wa daraja. Siku hiyo mti wa mteja ulikuwa mtupu. Jua lilipopanda dume akatoka mialoni, mkubwa, anatembea kama mwenye nyumba. Nikamgusa baba bega la kulia mara moja, kama tulivyofanya mazoezi kwetu. Akasogeza mtutu. Akapumua. Akapiga.

Dume akaruka, akakimbia kusini akapotea miongoni mwa mialoni.

"Nimempata?" Baba alikuwa anatazama mahali pasipo na kitu. "Signe? Nimempata?"

Kulikuwa na damu kwenye theluji, nyingi, ya kuaminika. "Umempata, baba."

Tuliifuata. Ilipita kichakani, ikatoka upande wa pili, ikageuka magharibi, ikazunguka na kurudi kaskazini kupita mfereji mkavu, karibu na daraja. Huko hakukuwa na ubishi wa kijito chochote: upande huo ulikuwa wa Pruett kwa hesabu zote. Dume alikuwa amelala hapo hapo, hatua chache kutoka ukingoni. Kwao Iowa unaruhusiwa kumfuata mnyama uliyempiga ukiwa huna silaha, kwa hiyo nikaegemeza bunduki ya baba kwenye daraja, nikamshika baba mkono, tukaingia mikono mitupu.

Pruett alitukuta tumepiga magoti. Mteja alikuwa nyuma yake kwenye kiti cha pikipiki, amenuna.

"Huyo nilikuwa nimemtunzia huyu bwana," Pruett akasema.

"Sisi tulikuwa darajani," nikasema. "Bi Arlys kasema kijito cha daraja."

"Daraja gani? Lile takataka?" Akaliangalia, kisha akaangalia maji kule mbali, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba naye hajui. Lakini mteja alikuwa anasikiliza. Akapunguza sauti. "Sikiliza, dada. Mzee hawezi kumvuta huyu mnyama, nawe peke yako utakufa. Nitawavutia kwa pikipiki mpaka kwenye gari lenu. Neno moja tu. Mwambieni huyu bwana samahani, mliingia kwangu, mlikosea. Yaishe."

Baba alikuwa ameweka kiganja kwenye shingo ya dume. Vidole vyake vilikuwa vinapanda kwenye pembe, kimoja kimoja, vikihesabu ncha ambazo jicho halikuwa likizihesabu tena. Akainua uso kuelekea iliko sauti. Midomo yake ikafunguka. Nilijua neno linalokuja.

Akilitamka, huyu angekuwa kulungu wa wizi, na baba angeenda gizani na kulungu wa wizi.

"Baba, nyamaza," nikasema.

Nikavua glavu. Nikashika pembe zote mbili, nikakita visigino kwenye theluji, nikavuta. Hakusogea. Nikavuta tena, akasogea kidogo.

"Neno moja tu, dada," Pruett akasema.

"Hapana," nikasema. "Siombi msamaha."